Kuhangaikia vidogo ili kikubwa kisiguswe

Bi Mkunazini (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum wanajamvi.

Nataka tuizungumze tabia moja ambayo machoni pa watu ni bidii, na mimi naiona ni njia ya kuikimbia kazi. Mtu ana jambo kubwa mbele yake. Halali mchana, hashindi barazani, hachezei simu. Kutwa yuko mbioni. Lakini ukitazama anachohangaikia, ni kipande kidogo kabisa cha kazi hiyo, tena kile ambacho kingeweza kungoja mpaka siku ya mwisho, na mzigo wenyewe uko pale pale ulipokuwa mwezi uliopita.

Mimi nasimamia tasnifu za wanafunzi hapa Unguja, kwa hiyo nianze na hao. Kijana karudi kukusanya data, hojaji zake zimejaa, mahojiano yote yamo kwenye simu. Kilichobaki ni kuyasikiliza, kuyaandika, kisha akae atuambie yana maana gani. Hiyo ndiyo sura ya nne. Akija ofisini analeta ukurasa wa jalada. Jina la chuo lipande kidogo au libaki hapo? Shukurani zianze na wazazi au na mfadhili? Pambizo la kushoto mbona mwenzake kaambiwa liwe pana zaidi? Namjibu, anaondoka kafurahi. Mara nyengine anakuja na orodha ya yaliyomo, vinukta vimenyooka mpaka kwenye nambari za kurasa. Sura ya nne imetajwa humo, ina kichwa kikuu na vichwa vidogo vyake vyote. Ukifungua ukurasa wenyewe, mweupe.

Wapo walimu wanaomhesabu mvivu, na nadhani wanamwonea. Mvivu hajali kazi itatoka vipi. Huyu anajali mno, hata hawezi kuigusa.

Nje ya chuo ni hayo hayo. Mtu kapata kiwanja Fuoni. Mchanga haujanunuliwa, msingi haujachimbwa, lakini keshazunguka maduka yote ya marumaru, ana picha za mageti kwenye simu, na ramani imechorwa upya kwa sababu dirisha la jikoni halikumridhisha. Umuulize mifuko ya saruji itakayoingia kwenye msingi, hajui. Bei ya kitasa anayo kichwani.

Tumezoea kuambiwa kuahirisha kazi ni kutojua kupanga wakati, na dawa yake ni ratiba. Mwaka 2013 watafiti wawili wa saikolojia, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walileta hoja ambayo imenisaidia sana na wanafunzi wangu. Wao wanasema kuahirisha ni namna ya kuituliza nafsi. Kazi inakuletea hofu, unyonge, au mashaka kwamba huiwezi. Ukiiweka kando, hofu inashuka papo hapo, na nafuu hiyo ndogo ndiyo inayokufundisha kuiweka kando tena kesho. Deni linabaki, na atakayelilipa ni wewe wa wiki ijayo.

Sasa mtu mwenye haya na mwenye kujali hawezi kuiacha kazi waziwazi akenda zake pwani. Dhamiri haitamwachia. Anahitaji kuiacha kazi huku anaonekana, hata kwa nafsi yake, kwamba anaifanya. Hapo ndipo jambo dogo linapomfaa. Lina jibu. Linakwisha leo. Linamwachia kitu cha kuonesha. Na kubwa kuliko yote, hakuna wa kumkatalia.

Hili la kukataliwa ndilo lililonifanya nifungue uzi. Ukurasa wa jalada haukataliwi na mtu. Ukikosewa unasahihishwa, basi. Sura ya nne inaweza kukataliwa: mtahini anaweza kusema data haibebi hoja, kwamba ulichokwenda kukitafuta hukukipata. Kuchagua geti hakukwambii kitu. Kuchimba msingi kunakwambia kama fedha zako zinafika au hazifiki. Kwa hiyo ninapotaka kujua mtu anafanya kazi au anaikimbia, siangalii jambo analoshughulikia ni dogo kiasi gani. Naangalia kama pale alipo kuna anayeweza kumwambia hapana. Kama siku zote yuko mahali ambapo hapana haiwezi kutokea, nina wasiwasi naye.

Sirois na wenzake walirudi tena mwaka 2017, wakakusanya tafiti nyingi juu ya watu wanaotaka kila kitu kiwe kamili. Wakakuta watu wa aina mbili. Anayejiwekea kiwango cha juu na kukifukuzia, kwa kawaida si mtu wa kuahirisha, hata huahirisha kidogo kuliko wengine. Anayeahirisha ni yule anayeogopa kukosea na anayehisi kila jicho linamngojea aanguke. Ndiyo maana mwanafunzi akiniambia "Mwalimu, mimi napenda kazi safi," sibishani naye juu ya usafi. Namuuliza anaogopa nini.

Nitapenda kusikia kwenu, khasa wa Pemba na wa mashamba, kwa sababu mifano yangu yote ni ya mjini.

Mzee wa Konde

Waalaykumu ssalam mwanangu. Nimekusoma mote. Nusu nakubali, nusu sikubali, na hiyo nusu nisiyoikubali inaniuma.

Mimi nimekulia kwenye karafuu. Karafuu haina jambo dogo. Tumba lichumwe lishakomaa, linaanza kuingia wekundu, na lichumwe kabla halijafunuka. Ukichelewa likapasuka ua, umepoteza. Ukiliacha zaidi linakuwa mpeta, na mpeta kwenye kituo cha kununulia karafuu haununuliwi kwa bei ya karafuu. Konyo, yaani kile kikonyo kinachobeba tumba, lichumwe kwa mkono bila ya kuvunja tawi, kwa sababu tawi ulilolivunja mwaka huu halikupi kitu mwaka ujao. Zikishafika nyumbani zichambuliwe jioni ile ile, karafuu mbali na makonyo mbali. Makonyo nayo ni mali, yanakwenda kiwandani Wawi yakamuliwe mafuta. Usiku usizirundike mbichi, zitapata moto ndani, zitachacha na kupauka. Kesho zianikwe juu ya jamvi safi, si chini kwenye vumbi wala pembeni ya barabara. Mtu akae hapo azigeuze na kuangalia wingu. Mvua ikizipata zimeharibika.

Lipi kati ya hayo utaliita dogo? Aliyeitia Pemba jina ni mtu aliyekaa juani anageuza karafuu kwa mkono. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar inatoka huku. Watoto wetu siku hizi ukiwaambia wachambue vizuri wanasema "mzee, si kitu, mnunuzi haoni." Anaona. Sasa mwalimu kama wewe ukija ukawaambia kushughulika na vidogo ni kukimbia kazi, umewapa hoja.

Bi Mkunazini

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru, na maneno yako nayachukua kwa uzito.

Lakini tazama ulivyoyapanga mwenyewe. Kila kidogo ulichokitaja kina wakati wake, na wakati huo hauko mikononi mwa mchumaji. Tumba likianza kuwa jekundu halimngojei mtu. Kuchambua ni jioni ile ile. Kugeuza ni wakati jua lipo. Na mwisho wa yote kuna kituo, kuna mtu atakayeishika karafuu, ataivunja kwa kucha asikie kama imekauka, na atakwambia daraja lake. Yaani hapana iko pale, unaielekea kila siku. Hakuna mtu Konde anayekaa wiki mbili anachagua jamvi la kuanikia huku karafuu zinafunuka juu ya mti.

Wanafunzi ninaowasema wangekuwa wanahangaika na usahihi wa mahojiano, wanasikiliza mara ya pili kama yule mama alisema "tulikatazwa" au "tulikatishwa tamaa", ningewabusu mikono. Hilo ni dogo na ndiyo kazi yenyewe. Wao wanahangaika na vinukta.

Mzee wa Konde

Marahaba. Hapo umenijibu kidogo. Bado naogopa vijana watasikia nusu ya kwanza tu.

Fundi wa Malindi

Nami nina langu. Bi Mkunazini kasema habari ya geti na kitasa kabla ya msingi. Wakubwa zetu wa Mji Mkongwe wametuhadithia kwamba zamani mlango ndio uliotangulia kusimamishwa, nyumba ikajengwa kuufuata. Sasa hao nao walikuwa wanakimbia kazi?

Mimi ni mtu wa mbao, nitasema ninavyoelewa. Mlango wa nakshi si kitu cha kununua dukani siku ya kuhamia. Mti kama msaji au mfenesi lazima ukauke sawasawa kabla ya patasi kuugusa, ama sivyo utajipinda na nakshi yote itapasuka. Kuchonga miimo, kizingiti cha juu na mfaa wa katikati ni miezi. Halafu fremu ile haipachikwi baadaye. Inajengewa ukutani, mawe na chokaa vinaishika. Kwa hiyo aliyeagiza mlango mwanzo alikuwa anajenga. Ukuta usingeweza kupanda bila ya kujua mlango una upana gani.

Ninachokiona leo ni kinyume. Mtu ananijia na picha ya samaki na mnyororo anaotaka pembezoni mwa mlango, ananiuliza maua yawe ya duara au ya msonge, na nikimuuliza upana wa uwazi anasema "bado hatujapima." Mwaka mwengine anakuja na picha nyengine. Hajanipa vipimo mpaka leo. Kama angeniletea vipimo kwanza, hayo maua tungeyazungumza huku ukuta unapanda.

Dada wa Jambiani

Assalamu alaykum. Bi Mkunazini, mimi nimesoma uzi huu mara mbili, kwa sababu ni kikundi chetu kabisa.

Sisi ni kinamama wa mwani. Mwani wa kuuza ulianza huku pwani ya Paje na Jambiani mwaka 1989, na bei ya mwani mkavu mnaijua, ni ndogo kwa tabu yake. Ndiyo tukaamua kutengeneza sabuni ya mwani. Sabuni tunaiweza. Mwani tunauosha, tunaukausha na kuusaga, mafuta ya nazi tunayo, viungo vya kunukisha vipo. Kilichobaki ni kupeleka sampuli ipimwe kwenye taasisi ya viwango, na kununua mizani ya gramu. Tumekaa vikao na vikao, na kila kikao ni lebo. Wengine wanataka rangi ya kijani, wengine buluu ya bahari. Mmoja anataka picha ya mama kainama majini, mwengine anasema ile ni picha ya kutuonesha tabu. Kikao kikimalizika magharibi inaadhiniwa, na mizani haijatajwa. Mimi ni katibu, nayaandika mimi mwenyewe. Wote ni wakubwa zangu, siwezi kusimama nikawaambia tunapoteza wakati. Nifanyeje?

Bi Mkunazini

Dada yangu, pole na hongera kwa pamoja. Hilo la kikao lilishaandikwa zamani, na mtu ambaye hakuwahi kukikuta kikundi chenu. Mwanahistoria Muingereza, C. Northcote Parkinson, alitoa mfano wa kubuni mwaka 1957. Kamati ya fedha inakaa kujadili kinu cha nyuklia cha pauni milioni 10. Kinapitishwa kwa dakika mbili na nusu, kwa sababu wengi hawaelewi kinu ni kitu gani, na anayeelewa hajui aanzie wapi kuwaeleza, ananyamaza. Linafuata banda la baiskeli za makarani. Hapo kila mtu anajua banda, kila mtu ana la kusema juu ya bati, na mjadala unakwenda dakika 45. Likija suala la kahawa ya vikao, wanazungumza zaidi ya saa nzima.

Kwa hiyo wakubwa zako hawana ubaya. Rangi ya lebo kila mmoja ana haki nayo sawa, macho anayo. Kipimo cha kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta yawe sabuni na ndiyo inayotaka mizani, wanakiogopa, na wana haki ya kuogopa. Kostiki ikizidi mafuta, inabaki ndani ya sabuni na inachoma ngozi. Ikipungua, sabuni inabaki laini na ya mafuta. Hapo ndipo palipo na hapana, na hapana hiyo itakuja kwa barua kutoka maabara, mbele ya watu. Nani anataka kuwa wa kwanza kuileta?

Ushauri wangu: usiwaambie wanapoteza wakati. Wewe ni katibu, ajenda iko mkononi mwako. Weka mizani iwe ya kwanza na lebo iwe ya mwisho. Na usiandike "mizani" peke yake. Andika nani atakwenda kuinunua, siku gani, kwa fedha ipi. Sabuni inayochanganywa bila ya kupikwa motoni hukaa wiki nne hadi sita ikauke kabla ya kutumika, kwa hiyo hata mkianza leo mtakuwa na wakati wa kuzungumza buluu na kijani huku sabuni iko rafuni. Watu wakiwa na sabuni mbele yao wanabishana kwa namna nyengine.

Ustadh wa Bububu

Mada nzuri, Allah akulipe. Mimi nataka kuongeza lililopo katika dini yetu, kwa sababu nimeona Mzee wa Konde anahofu watu watadharau ustadi. Haifai kudharau. Imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu anapenda mmoja wenu anapofanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Mafundi na wakulima wetu wameishi kwa hilo.

Lakini dini hiyo hiyo imeweka mpaka. Mtume (S.A.W.) alimuonesha bedui udhu, kila kiungo mara tatu tatu, kisha akasema atakayezidisha juu ya hapo amefanya vibaya, amevuka mpaka na amedhulumu. Angalieni uzito wa maneno hayo, na anayezidisha nia yake ni usafi. Sote tumemuona msikitini mtu anayeosha mkono, anarudia, ana shaka, anarudia tena, maji yanamwagika na jamaa wanaswali. Au aliyesimama safuni anarudia takbira kwa sababu haikumtoka vizuri, imamu keshakwenda rukuu. Wanavyuoni wameandika mengi juu ya wasiwasi huu, na dawa waliyoitoa ni moja: endelea na ibada yako, usiisikilize ile sauti inayosema rudia. Ukiingoja shaka iondoke ndipo uanze kuswali, wakati utatoka.

Naona linahusu kazi vilevile. Mwanafunzi anangoja mpaka asiwe na shaka ndipo aandike. Aandike na shaka yake.

Muuguzi

Ustadh kagusa jambo, naomba nilitenganishe. Wapo watu wanaorudia kuosha, kuhesabu au kukagua mlango mpaka ngozi inachubuka au hawawezi kutoka nyumbani, na wanajua haina maana ila wanashindwa kuacha. Hayo ni maradhi, yana matibabu, na watu wasiyachanganye na mwanafunzi anayepamba jalada. Ukimuona mtu wako kafika hapo, mpeleke hospitali, hata ile ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, wala si aibu. Kumwambia "acha wasiwasi" hakutamsaidia.

Bi Mkunazini

Ahsante sana muuguzi. Nakubaliana nawe neno kwa neno.

Mwaka wa Mwisho

Mwalimu, sijui kama mimi ni katika wanafunzi wako, pengine si wako, lakini niruhusu. Mimi sura ya nne sijaiandika. Kila nikifungua kompyuta naona marejeleo hayako sawa, mengine mwaka uko kwenye mabano, mengine haupo, nasema nikitengeneza haya nitakuwa na nguvu ya kuandika. Nikimaliza marejeleo ni usiku. Nilipokwenda kwa msimamizi wangu mara ya kwanza na rasimu ya sura ya kwanza, kurasa zote zilirudi na wino mwekundu. Tangu siku ile nikitaka kuandika sentensi namuona yeye anaisoma. Nifanye nini? Na naona aibu miezi yote iliyopotea.

Bi Mkunazini

Mwanangu, nashukuru umeandika. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu wapo wengi wanaosoma na hawataandika.

Kwanza hiyo aibu. Usiibebe ukaingia nayo kwenye sura ya nne. Mwaka 2010 huko Canada, Michael Wohl, Pychyl na Shannon Bennett waliwafuatilia wanafunzi waliochelewa kujisomea mtihani wa mwanzo wa muhula. Waliojisamehe kwa kuchelewa kule waliahirisha kidogo zaidi mtihani uliofuata. Inaingia akilini ukikumbuka nilichosema hapo juu: kazi inaachwa kwa sababu inaleta maumivu, na ukiendelea kujilaumu unaiongezea kazi ile ile maumivu mengine. Kwa hiyo miezi imekwenda. Iache.

Pili, huo wino mwekundu. Kwa upande wangu, mimi msimamizi, nikwambie kitu ambacho wanafunzi wengi hawakijui. Ukurasa niliouchora mwekundu ni ukurasa nilioukalia. Siwezi kukusaidia juu ya ukurasa usiokuwepo. Mwanafunzi anayenipa mashaka ni yule anayeniletea jalada zuri, kwa sababu sijui ndani ya kichwa chake mna nini. Nenda kwa msimamizi wako umwambie: "Nitaleta kurasa tatu mbovu, naomba uniambie hoja imesimama au haikusimama, lugha na marejeleo usiyatazame." Muombe hivyo hivyo. Ukiitaka mwenyewe hapana yake, tena mapema, kwenye kurasa tatu, haitakuwa nzito kuliko ile unayoihofia usiku.

Tatu, marejeleo. Hayo si upuuzi, yatasahihishwa yote kabla ya kukabidhi. Lakini yana siku zake, na siku hizo ni baada ya sura ya tano. Weka daftari pembeni ya kompyuta. Kila ukiona mwaka hauna mabano, andika kwenye daftari "uk. 12, mabano," kisha rudi kwenye sentensi yako. Usilitengeneze. Kuliandika kunatosha kuituliza nafsi kwamba halitasahaulika.

Nne, usiniambie utaanza "wiki hii, inshaallah." Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alieleza mwaka 1999 kwamba nia peke yake huwa haitoshi, na kwamba watu hutekeleza zaidi wanapoamua mapema saa na mahali: ikifika kadha, nikiwa pale, nitafanya hili. Basi amua. Nikishaswali alfajiri, kabla ya chai, nitakaa mezani nisikilize mahojiano ya mtu mmoja na niandike alichosema kuhusu swali la kwanza. Mtu mmoja, swali moja. Simu ibaki chumba chengine. Ukimaliza, hata kama unajisikia kuendelea na marejeleo, funga.

Na sentensi ya kwanza iwe mbaya makusudi. Andika: "Watu niliowahoji walisema kwamba…" Hakuna mtahini atakayeisifu. Lakini itakulazimisha kusema walisema nini, na hapo umeshaingia.

Mwaka wa Mwisho

Ahsante mwalimu. Nimeiandika ile ya alfajiri kwenye karatasi, nimeibandika ukutani.

Fundi wa Malindi

Ila usije ukakaa kuchagua gundi, mdogo wangu.

Mzee wa Konde

Mwalimu, hilo la daftari ni zuri. Umemwambia kidogo kina siku yake, hukumwambia kidogo ni upuuzi. Ungelisema hivyo tangu mwanzo nisingekupinga.

Bi Mkunazini

Ungepinga mzee wangu, na ningekosa kujua habari ya konyo na tawi.

Dada wa Jambiani

Nimerudi. Kikao chetu kijacho ni Alkhamisi. Mizani nimeiweka ya kwanza, na nimeandika jina la atakayekwenda mjini kuinunua, nimeshazungumza naye kabla ili asishtukizwe. Ya pili ni nani atapeleka sampuli. Lebo iko mwisho, na nitapendekeza sabuni ya mwanzo tuibandike karatasi nyeupe tu: jina la kikundi, vilivyomo, uzito na tarehe. Mnaonaje nyote?

Mzee wa Konde

Na nambari ya simu, mwanangu. Mnunuzi akiipenda atakutafuteni wapi?